Bredauni, Probox na Kadi ya Mama

MWANAISHA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Mwanaisha, na huyu aliyenuna hapa mbele yangu ni Ochieng.

OCHIENG: Sijanuna. Gari langu limevutwa na bredauni, lile lori la kuvuta magari.

MWANAISHA: Haya, mwaga.

OCHIENG: Wiki mbili zilizopita nilimleta Mama mjini, benki, pale karibu na Muindi Mbingu. Unamjua Mama, anatembea kwa magongo mawili. Nikamshusha mlangoni, nikaona ile nafasi yenye mchoro wa kiti cha magurudumu iko wazi, nikaingiza pua ya Probox mpaka ukingoni. Ada nikalipa kwa simu. Tulipotoka, gari hamna. Pamebaki doa la oili. Kijana mmoja anauza njugu pale akaniambia, "Ile Probox? Imebebwa kinyumenyume."

MWANAISHA: Kinyumenyume vipi?

OCHIENG: Liweke hilo neno, nitalirudia.

MWANAISHA: Na ni nani aliyelivuta?

OCHIENG: Sitaji mtu. Kesi iko njiani.

MWANAISHA: Sawa. Ila mimi nitakuuliza swali ambalo hata aliyelivuta angekuuliza. Mama alikuwa benki, wewe uko benki. Gari liko peke yake kwenye nafasi ya mlemavu. Askari angejuaje?

OCHIENG: Niliweka nakala ya kadi yake ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwenye dashibodi.

MWANAISHA: Ikionekana?

OCHIENG: ...Jua lilikuwa kali, Mwanaisha.

MWANAISHA: Ochieng!

OCHIENG: Nikatandaza lile pazia la fedha la kioo cha mbele. Juu ya kadi.

MWANAISHA: Ai! Basi mpaka hapo mimi niko upande wa bredauni, samahani.

OCHIENG: Subiri basi. Nakubali kadi ilifichika. Lakini kuna kukosea, halafu kuna vile mtu anavyoadhibiwa. Nimefika yadi wanakoweka magari waliyovuta, Mama amekaa kwenye jiwe nje, gongo moja mpira wake wa chini umeisha, linateleza kwenye saruji. Karani dirishani haangalii hata kadi yenyewe. "Kosa ni kuegesha vibaya. Lipa." Nikamwambia, niandikie. Kosa gani, kifungu gani, nani aliamua, saa ngapi. Akanitazama kama nimemwomba figo.

MWANAISHA: Lakini hapo ulikuwa na haki kabisa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010: uamuzi wa kiutawala ukikuumiza, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho, na ina kipengele ninachokipenda sana: wakikataa kukupa sababu, mkifika mahakamani uamuzi wao unachukuliwa kuwa haukuwa na sababu ya maana, mpaka wao wathibitishe vingine.

OCHIENG: Ndiyo maana watu hawaulizi na wao hawaandiki. Mtu anataka gari tu, analipa, anaondoka. Mimi pia nililipa.

MWANAISHA: Ulilipa?

OCHIENG: Gari likilala pale, ada inapanda kila kukicha. Na Mama yuko juu ya jiwe. Lakini kwenye nakala yao, pale pa sahihi, niliandika kwa kalamu: "Nalipa bila kukubali kosa." Karani akasema karatasi nimeiharibu. Nikapiga picha kabla hajaichukua.

MWANAISHA: Hapo umecheza. Sasa turudi kwenye kinyumenyume.

OCHIENG: Probox yangu injini inasukuma magurudumu ya mbele, na gia ni za otomatiki. Niliegesha pua ukingoni, kwa hiyo upande ulio barabarani ni wa nyuma. Wao wakaona rahisi, wakainua nyuma, wakaliburuta kwa magurudumu ya mbele. Na mimi nimeliacha kwenye P, gia ya kuegeshea!

MWANAISHA: Wasiojua magari wafafanulie. Nikiwemo mimi.

OCHIENG: Ukiwa kwenye P kuna chuma kidogo ndani ya giaboksi kinachozuia magurudumu ya mbele yasizunguke. Wakivuta, kwanza tairi zinakwaruzika lami. Zangu nimezipapasa: kila moja ina mahali pamelala bapa, upana wa kiganja. Kisha kile chuma kikakatika. Kuanzia hapo magurudumu yanazunguka, lakini pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini, na injini imezimwa. Vyuma vinasagana vikavu hadi yadi. Fundi wangu alipofungua, oili ilikuwa nyeusi, ina unga wa chuma unaometameta. Amenipa maelezo yake kwa maandishi, na picha.

MWANAISHA: Hapo sasa nimehama upande. Hata kama ulikosea kuegesha, adhabu ya kosa si kuvunjiwa giaboksi.

OCHIENG: Nimeambiwa niende Mahakama ya Madai Madogo, pale Milimani.

MWANAISHA: Na uende. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na uharibifu wa mali umo. Unajisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ila yatenganishe mambo mawili: giaboksi na tairi ndiyo hasara, na ushahidi unao. Ile ada ya kuvutwa ni ugomvi mwingine, na hapo pazia lako litakusuta.

OCHIENG: Najua. Na nikiri jingine. Mwaka jana, kwenye maduka fulani, niliegesha nafasi kama hiyo Mama hayupo. Taa za dharura zinawaka, "dakika mbili tu."

MWANAISHA: Nairobi nzima inaamini taa za dharura ni kibali. Mama anajua?

OCHIENG: Nilimwambia tukiwa yadi, sijui kwa nini. Hakunijibu. Njiani ndani ya teksi ndipo aliposema neno: ule mchoro wa pale chini hauonekani. Ni kweli, rangi imefutika, umebaki mstari wa gurudumu. Akasema ndiyo maana kila mtu anaegesha pale na anayevutwa ni yule mwenye haki.

MWANAISHA: Ana hoja kuliko wewe. Kifungu cha 54 kinampa haki ya kufika mahali popote pa umma kwa njia inayowezekana. Nafasi isiyosomeka atafikaje nayo?

OCHIENG: Ameandika barua yake mwenyewe, kwa mkono. Hataji gari hata mara moja. "Wewe dai giaboksi," ananiambia, "mimi nadai rangi."

MWANAISHA: Imefika?

OCHIENG: Juzi. Amepanda ngazi zote na magongo yake, akagongewa muhuri, nakala akatia mkobani. Mimi nilikuwa dereva tu, gari la shemeji.

MWANAISHA: Ukaegesha wapi?

OCHIENG: Mbali, dada. Mbali kabisa.