Robo ya nini? Mtoto wa jimboni na mtoto wa nje katika usajili wa besiboli ya vyuo Marekani

Hamjambo wazazi, na nyie vijana mliokaa nyuma. Mada ya leo ni swali ambalo familia nyingi huku Marekani huliuliza likiwa limeshachelewa: kijana anayecheza besiboli vizuri atafute nafasi kwenye chuo cha jimbo analoishi, au avuke mpaka? Nitaanza na hesabu, maana hiyo ndiyo inayoamua mengi, halafu tutafika kwa makocha.

Chukueni chuo kikuu cha umma cha kubuni. Nambari hizi nimeziweka ili tuhesabu vizuri, lakini zinafanana na zile mtakazokutana nazo. Mkazi wa jimbo, kwa mwaka mzima, ada na chumba na chakula na vitabu, analipa dola 28,000. Asiye mkazi analipa 52,000. Kitanda ni kilekile na wali ni uleule, tofauti yote iko kwenye ada. Sasa kocha anawapigia simu wazazi wawili siku moja na kuwaambia maneno yaleyale: tunampa kijana wako asilimia 25. Mzazi wa jimboni anapunguziwa 7,000 na kubaki na deni la 21,000. Mzazi wa nje anapunguziwa 13,000, karibu mara mbili ya mwenzake, na bado anabaki na 39,000. Tofauti ni dola 18,000 kila mwaka, yaani 72,000 kwa miaka minne. Ili naye abaki na 21,000 tu, angehitaji kupewa 31,000, ambayo ni karibu asilimia 60.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nimepewa robo", muulize robo ya nini. Na kocha akikutajia asilimia, mwombe kwa adabu akuandikie kiasi kinachobaki baada ya kila kitu kutolewa. Hicho ndicho utakacholipa.

Kwa nini robo? Kwa miaka mingi kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa, ilikuwa hivi: timu moja ya besiboli ina skolashipu kamili 11.7 tu, si zaidi. Zinaweza kugawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, na kila anayepewa asipungukiwe na asilimia 25. Kikosi kilikuwa watu 35. Pigeni hesabu wenyewe: 27 mara robo ni 6.75. Hiyo ni sakafu tu, watu wote wameshapata kidogo kidogo. Kocha anabaki na kama skolashipu tano hivi za kuongezea warushaji wake wakubwa, mdakaji, na yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wachezaji 8 waliobaki hawapati senti kutoka kwenye timu.

Hapa ndipo mpaka wa jimbo ulipokuwa na makali yake. Kwenye daftari la NCAA, robo ya mkazi na robo ya mgeni zote huandikwa 0.25, hata kama dola zake hazilingani. Lakini mgeni ili alipe sawa na mwenyeji alihitaji 0.60. Maana yake, kwa mgeni mmoja kocha angeweza kuwachukua vijana wawili wa jimboni kwa robo robo na akabaki na chenji. Kijana wa nje mwenye uwezo sawa na wa ndani hakuwa na nafasi. Ilimpasa awe amewazidi waziwazi.

Mchezo huu ukabadilika tarehe 6 Juni 2025, mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao. Kwa vyuo vilivyoamua kuingia, kikomo cha 11.7 kimeondoka. Badala yake kimekuja kikomo cha kikosi: wachezaji 34, na wote wanaweza kupewa skolashipu nzima chuo kikitaka. Wazazi wengi walipolisikia hilo walishangilia, wakidhani wote 34 sasa watasoma bure. Polepole. Ruhusa ya kutoa haina maana kwamba pesa ipo. Vyuo hivyo vina dari ya malipo kwa wanamichezo, dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26 kwa michezo yote, na skolashipu mpya zilizoongezwa zinahesabiwa ndani ya dari hiyo hadi milioni 2.5. Mpira wa miguu wa Kimarekani na kikapu ndivyo hukata kipande kikubwa. Vyuo vya pale juu kabisa vinaweza kugharimia kikosi kizima cha besiboli, vingine vingi haviwezi.

Mpaka haukufutika basi, umebadilishiwa sarafu tu. Zamani kilichokuwa adimu ni sehemu ya skolashipu, leo ni dola. Idara ya michezo kwa kawaida inakilipa chuo chake ada ya mwanamichezo kama mteja mwingine yeyote, kwa hiyo kumfikisha mgeni wetu kwenye deni la 21,000 kunaigharimu 31,000, na mwenyeji 7,000. Kicheko ni kwamba ofisi ya udahili ya chuo hichohicho inamtamani mwanafunzi wa nje kwa sababu analipa sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni idara ya michezo peke yake inayomwona mgeni kama gharama.

Kitu cha pili adimu ni viti. Wale waliokuwa wakijilipia na kukaa mwisho wa orodha, wengi wao watoto wa jimboni, ndio waliobanwa zaidi na ile 34. Msiikubali ahadi ya "njoo ujiunge, nafasi itapatikana" bila kuuliza kama wewe ni mmoja wa wale 34 au ni mtu wa kujaribiwa Septemba.

Sasa, misaada ya majimbo. Hapa ndipo hesabu inapogeuka kabisa, na wazazi wengi hawajui. Georgia ina HOPE, skolashipu ya masomo kwa wakazi wake, inayolipwa na bahati nasibu ya jimbo tangu 1993, na juu yake Zell Miller, inayolipa ada yote katika vyuo vya umma kwa mwenye wastani wa alama wa 3.7 sekondari na alama 1200 kwenye mtihani wa SAT. Florida ina Bright Futures, Louisiana ina TOPS, Tennessee ina HOPE yake, South Carolina ina LIFE na Palmetto Fellows. Tangu Agosti 2020, msaada wa kitaaluma au wa kipato hauhesabiwi tena kwenye skolashipu za timu. Kocha wa chuo cha umma Georgia anaweza kumchukua mrushaji wa Georgia mwenye Zell, akamwongezea kidogo, na familia ikabaki na chumba na chakula tu. Kocha wa jimbo lisilo na mpango kama huo lazima atoe yote hayo mfukoni mwake. Ndiyo maana nasema alama za darasani ni kasi ya pili ya mrushaji.

Ila kuna mtego. Zell inataka wastani wa 3.3 chuoni na HOPE 3.0, na wanakaguliwa kila baada ya saa 30 za masomo. Msimu wa besiboli ni michezo 56 kuanzia katikati ya Februari hadi Mei, na nusu yake ni safari za basi. Kijana anashuka hadi 2.9 mwaka wa kwanza, Zell na HOPE zote zinakwenda, na mkataba wa timu haukuandikwa kufidia pengo hilo. Muulizeni kocha swali hili mapema, msingoje barua ya ofisi ya fedha. Na anayehamia chuo cha jimbo jingine kupitia portali ya uhamisho, msaada wa jimbo hausafiri naye.

Kuna njia za kuvuka mpaka bila kuchomwa na bei kamili. Magharibi kuna mpango wa majimbo kupunguziana ada, uitwao WUE: mwanafunzi wa jimbo mwanachama analipa kwenye chuo kinachoshiriki si zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mkazi. Majimbo ya katikati yana mpango wao wenye kiwango hichohicho. Kusini kuna Academic Common Market, kwa fani ambayo haipo kwenye vyuo vya jimbo lako. Chuo Kikuu cha Arkansas kinapunguza sehemu kubwa ya ada ya ziada kwa wanafunzi wenye alama nzuri kutoka majimbo jirani, na hiyo ni sababu mojawapo ya vijana wa Texas kuiona Fayetteville, mji wa chuo hicho, kama ng'ambo ya barabara tu. Angalieni mambo mawili: si kila chuo wala kila fani imo kwenye mipango hii, na tarehe ya kuomba huwa mapema kuliko kocha anavyokumbuka.

Vyuo binafsi, kama Vanderbilt, Stanford, TCU na Wake Forest, havina ada ya jimboni wala ya nje. Bei ni moja, na ni kubwa. Lakini vyenye mfuko mnene wa misaada ya kipato vinaweza kuwa nafuu kuliko chuo cha umma cha jirani. Vanderbilt inakidhi mahitaji ya kifedha ya mwanafunzi bila mikopo, na timu yake iliyochukua ubingwa 2014 na 2019 ilisajili nchi nzima. Familia yenye kipato cha chini isitishwe na bei ya kwenye tovuti. Ijaze kikokotoo cha gharama cha chuo kwanza.

Divisheni ya Pili ina skolashipu 9 kwa timu na NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ina 12. Ya Tatu haitoi pesa ya michezo kabisa. Vyuo vya miaka miwili ni mada ya siku nyingine, ila jueni kwamba vile vya umma vya California havitoi skolashipu ya michezo, wakati vya Divisheni ya Kwanza ya NJCAA, chama cha vyuo vya miaka miwili, vinaweza kutoa hadi 24.

Turudi kwa kocha. Watu hudhani anapendelea watoto wa nyumbani kwa uzalendo. Tazameni ratiba yake. Sekondari zinacheza masika, wakati huohuo na vyuo. Timu ya chuo inacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na mara nyingi Jumanne. Anabaki na Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na siku mbili kati ya hizo ana mazoezi. Anaweza kuendesha gari saa moja na nusu kumtazama mrushaji Alhamisi jioni, lakini hawezi kupanda ndege. Kijana wa jimboni ataonekana mara nane: akishinda, akipigwa, akimjibu mwamuzi. Wa nje ataonekana mara moja au mbili kiangazi, kwenye mashindano makubwa kama yale ya LakePoint huko Georgia, siku ambayo huenda mkono wake umechoka.

Ndiyo sababu wa nje anahitaji namba zinazojieleza zenyewe: kasi ya maili 90 kwa saa kwa mrushaji wa mkono wa kulia, yadi 60 kwa sekunde 6.7 kwa mchezaji wa uwanja wa nyuma (outfielder), na sekunde 2.0 au pungufu kwa mdakaji kutoka mpira kugusa glavu yake hadi kufika besi ya pili. Tumeni video ya dakika mbili au tatu, isiyo na muziki, yenye namba za rada zikionekana. Mtumieni kocha msaidizi anayeshughulikia usajili, pamoja na ratiba ya kijana ya wiki tatu zijazo. Asipojibu kabla ya tarehe 1 Agosti ya kuingia mwaka wa tatu wa sekondari, si dharau. Kanuni inamkataza kuwasiliana kabla ya hapo.

Mifano ya wazi ipo pande zote. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ilichukua ubingwa 2023 ikiwa na Dylan Crews kutoka Florida na Paul Skenes wa California, aliyehamia kutoka chuo cha Jeshi la Anga. Mwaka huohuo walichaguliwa wa pili na wa kwanza katika drafti ya MLB, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kulipwa. Upande wa pili, Oregon State ya kule kwenye mvua ilishinda 2018 na Adley Rutschman, mtoto wa Sherwood, Oregon, aliyechaguliwa wa kwanza 2019. Pesa ya kumvusha mtu mpaka huenda kwa yule atakayeanza siku ya kwanza. Anayehitaji miaka miwili ya kukua, mara nyingi atakuzwa karibu na kwao.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: je, tukihamia jimbo la chuo, mtoto atakuwa mkazi? Majimbo mengi yanadai miezi 12 ya kuishi pale kabla ya siku ya kwanza ya masomo, na kwa kijana anayewategemea wazazi, wanaoangaliwa ni wazazi. Mkataba wa nyumba kwa jina la mtoto hautoshi. Wataomba leseni ya udereva, marejesho ya kodi, na ushahidi wa kazi. Aliyekuja jimboni kwa ajili ya kusoma tu, kwa kawaida hubaki mgeni hadi amalize. Wazazi walioachana wakiishi majimbo mawili, baadhi ya majimbo, Florida ikiwemo, hukubali ukazi wa mmoja wao. Watafuteni msajili wa chuo wenyewe, kwa sababu kocha hana mamlaka juu ya uamuzi huo.

Na kwa ndugu zetu walioko nyumbani: Uganda mwaka 2012 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, na vijana wa Kampala wanaulizia vyuo vya Marekani. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, atahesabiwa mtu wa nje karibu kila mahali, hata akikaa miaka minne. Aanze na vyuo binafsi vinavyotoa msaada kwa wageni, au vyuo vya miaka miwili vya NJCAA. Na kabla ya kusaini chochote, aombe barua inayotaja dola, mwaka kwa mwaka, pamoja na bima ya afya, ambayo wengi huikuta imeongezwa kwenye bili ya Agosti.