Programu yako itajuaje kama iko kwa Windows, Linux ao Mac

Jambo yenu bandugu, karibuni, wa nyuma musogee kidogo muone ekrani. Programu yako iko ndani ya mashini ya mutu pale Goma mjini, itajuaje iko kwa systemu gani? Kwa Python, ile luga ya kuandikia programu, ni rahisi, platform.system() inakupa jina, Windows, Linux ao Darwin, na Darwin msiogope, njo Mac. Iko pia sys.platform, ile kwa Windows inajibu win32 hata mashini ikiwa ya biti 64, basi usiitafutie biti pale.

Matata inaanzaka kwa namba ya versio. Windows inadanganya, tena kwa makusudi! Tangu 8.1, programu yenye haikuandika kwa manifesti yake (karatasi yenye inajieleza kwa Windows) kama inajua Windows mupya, ikiuliza GetVersionEx, fungsio ya Windows ya kuuliza versio, inajibiwa 6.2, yaani Windows 8, hata mashini ikiwa ya juzi. Juu ya nini? Juu programu mingi zilikuwa zinapima versio mubaya, zikiona namba zenye hazijui zinakataa kufunguka, sasa Microsoft wakaona heri kuficha. Miye naona walifanya vizuri, hata kama inatuchosha.

Angalieni, hii ni Windows 11. Naandika sys.getwindowsversion(), inatoa major=10, minor=0. Kumi, sindiyo? Ile 11 haiko popote. Soma pale kwa build, namba ya ndani ya Windows: 22631. Kuanzia 22000 ni Windows 11, ukikuta 19045 ni 10.

Linux, amri ya uname itakupa kerneli tu, ule moyo wa systemu, haisemi kama ni Ubuntu ao Debian, hiyo unasoma kwa /etc/os-release, mustari wa ID na wa VERSION_ID. Telefone ya Android nayo kerneli yake ni Linux, lakini versio unaipata kwa Build.VERSION.SDK_INT.

Ila mara mingi jina halina kazi. Unataka fungsio fulani? Uliza yenyewe kama iko, mfano fork, fungsio ya kuzaa programu ingine: hasattr(os, 'fork') kwa Windows inajibu False, yaani haiko, imeisha, hakuna haja ya kubahatisha na namba.

Na wenye munaenda kuweka programu kwa maduka ya Birere, mukikuta Windows 7, Python 3.9 na za juu yake hazikubali kule, hata ule mustari wako wa kuuliza systemu hautafikiwa. Wekeni 3.8.