Panya wa Siku 7 na Mtoto Aliyezaliwa Bila Kulia

NEEMA: Msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu kutoka Dar es Salaam. Leo tunazungumzia watoto wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wanyama wanaotumika kuchunguza namna ubongo wa watoto hao unavyodhurika. Kaka Bakari, kwa nini panya?

BAKARI: Kwa sababu panya wa siku 7, ambaye hata macho hajafungua, ana ubongo uliofikia hatua inayokaribia ile ya mtoto wa binadamu anayekaribia kuzaliwa. Mwaka 1981 Rice, Vannucci na wenzao nchini Marekani walieleza njia ambayo maabara nyingi zinaifuata hadi leo: panya anapewa dawa ya usingizi, mshipa mmoja mkubwa wa shingo unaopeleka damu kichwani unafungwa, anarudishwa kwa mama yake apumzike, kisha anawekwa kwenye chombo chenye joto la nyuzi 37 na hewa yenye oksijeni asilimia 8 tu, badala ya 21 tuliyoizoea. Mshipa kufungwa peke yake hakuleti madhara makubwa, wala hewa hiyo pungufu peke yake. Yakikutana yote mawili, upande ule uliofungwa mshipa unaumia.

NEEMA: Lakini ubongo wa panya hauna mikunjo kama wetu.

BAKARI: Ndiyo maana nguruwe wachanga na kondoo walio bado tumboni walitumika pia. Ilionekana kwamba chembe za ubongo hazifi zote papo hapo: damu na hewa vikirudi, nguvu zake hurejea kwa saa kadhaa, kisha huporomoka mara ya pili. Katika nafasi hiyo, kuupoza ubongo huokoa chembe nyingi. Majaribio makubwa kwa watoto yakaanza kutoa matokeo mwaka 2005, na leo katika nchi tajiri mtoto wa namna hiyo hupozwa mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, mradi aanzishiwe kabla ya saa 6 kupita tangu kuzaliwa.

NEEMA: Hapo ndipo ninapoumia, kaka. Jaribio la HELIX, lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408 na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kuwa waliopozwa walikufa asilimia 42, na wasiopozwa asilimia 31.

BAKARI: Sababu zake bado zinajadiliwa, dada Neema. Mimi naona tuanze kwa kumtazama panya mwenyewe. Yule wa mwaka 1981 alikuwa mzima kabisa hadi alipofungwa mshipa na kunyimwa hewa, ilhali mama anayefika leba akiwa na homa hamleti mtoto wa namna hiyo. Watafiti walipowadunga panya sumu itokanayo na bakteria aina ya gramu hasi, mojawapo ya makundi mawili makuu ya bakteria, kabla ya kuwanyima hewa, kupoza hakukuwakinga tena. Walipotumia kemikali inayoiga bakteria wa gramu chanya, yaani kundi la pili, kupoza kuliwakinga.

NEEMA: Basi maabara zianze na mnyama aliyekwisha kupata maambukizi.

BAKARI: Na ambaye ukuaji wake tumboni ulidumaa. Dawa yoyote itakayoletwa kwa ajili ya wodi zetu, nataka kwanza nione imemfaa mnyama wa namna hiyo.

NEEMA: Muuguzi aliye zamu usiku huu afanye nini?

BAKARI: Asimpoze mtoto kwa kubahatisha, lakini pia asimwache apate joto kupita kiasi, kwa kuwa panya waliopandishwa joto baada ya kukosa hewa waliumia zaidi. Kipimajoto kiwe karibu, na kitumike mara kwa mara.