Shafti ya mili 24, kapilingi ya mili 28: namna ya kuivisha bushi

Haya wadau, karibuni tena karakana, Gerezani, Dar es Salaam. Leo sina maneno mengi. Najua, nasema hivyo kila video.

Mezani kuna mota mbili. Hii iliyoungua ni ya kilowati 3, ilikuwa inazungusha pampu ya maji shambani kule Mkuranga. Hii nzima ni ya kilowati 2.2, mwenye shamba alikuwa nayo stoo. Tumepiga hesabu ya maji anayovuta, inamtosha. Kasi ni ileile, karibu mizunguko 2,900 kwa dakika. Kasheshe iko hapa mbele. Hamisi, sogeza simu. Shafti ya mota ya zamani ina unene wa mili 28, yaani milimita, ya hii ni mili 24, na tundu la kapilingi, kile kiungo cha kuunganisha shafti ya mota na ya pampu, ni 28. Ukiichomeka hivi inapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Dawa yake ni bushi, pete ya chuma ya kujaza nafasi hiyo.

Nayajua maoni yenu: "Fundi, si anunue kapilingi ya 24?" Ikipatikana ya meno haya haya, anunue, mimi sina ugomvi. Leo haikupatikana na mboga zinataka maji. Ila kukata kopo la soda ukazungushia, hapana. Kujaza shafti kwa weldingi nako hapana: joto linaipinda, na umeme wa weldingi ukipita kwenye beringi unaziachia vidonda. Na kama kwako ni kinyume, shafti nene na tundu dogo, peleka kapilingi ikapanuliwe tundu. Usinyoe shafti ya mota. Kapilingi ikiharibika utanunua nyingine. Shafti ikiharibika, umeharibu mota.

Kwanza vipimo. Tumia maikromita ukiwa nayo, venia nzuri, kile kipimo cha taya, pia inafaa. Shafti inasoma 24.00, tundu 28.01. Urefu wa shafti mili 50. Upana wa mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga shafti na kapilingi zizunguke pamoja, ni mili 8 kwenye shafti, na kwenye kapilingi ni mili 8 pia. Hapo tumepata bahati, nitaeleza mbele.

Bushi yenyewe naikereza kwenye lezi kutoka kwenye kipande cha chuma laini. Nje 27.99, ndani 24.01, ukuta wa mili 2 tu. Hili la lezi nalikimbiza maana nina video yake nzima: nje na ndani vikerezwe kwenye chaki, zile taya za lezi zinazoshika kazi, bila kufungua, ndipo ukate. Ukifungua ukageuza kazi, tundu halitakaa katikati.

Sasa naipasua upande mmoja, upana wa mili 8, kutoka ncha hadi ncha. Msumeno wa chuma mara mbili, kisha malizia kwa tupa. Ikishapasuliwa inaweza kujifungua kidogo, usishtuke, ibane kwenye jiliwa taratibu irudi. Toa makombo yote ya kingo, pitisha kidole... aa, usipitishe kidole, pitisha kitambaa. Kikinasa, bado.

Haya. Tumefika kwenye kii. Hamisi, hapa usiangalie mpira kwa simu nyingine, shika kamera.

Bushi kazi yake ni moja, kukaa katikati. Anayesukuma mzigo ni kii. Na kii inasukuma kwa mbavu zake, haisukumi kwa kichwa. Ndiyo maana juu ya kii lazima pabaki nafasi. Kii ikigusa dari ya mfereji inaisukuma kapilingi upande mmoja, na kila mzunguko kapilingi inapiga chenga. Narudia: kii isiguse dari.

Mimi nililipia somo hili. Miaka mitatu iliyopita nilifunga mashine ya kusaga sembe kwa bushi kama hii, kii nikaigonga ikaingia kwa shida, nikasema afadhali, imekaza. Siku ya nne mteja akaniletea mpira wa kapilingi, ule unaokaa kati ya vipande vyake viwili, ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa unga. Nikamwekea mpya na kufunga upya bure, na chai nikamnunulia.

Hesabu yake hii hapa, andikeni. Nusu ya 24 ni 12. Mfereji wa shafti una kina cha mili 4, toa, inabaki 8. Hiyo ni kutoka katikati ya shafti hadi sakafu ya mfereji. Upande wa kapilingi, nusu ya 28 ni 14, mfereji umeingia mili 3.3, jumla 17.3. Sasa 17.3 toa 8 unapata 9.3. Hiyo ndiyo nafasi yote, kutoka sakafu hadi dari. Kii iliyokuja na mota ina kimo cha mili 7, ni fupi. Tunataka ya mili 9, hewa ibaki 0.3 juu.

Kii ya upana wa 8 na kimo cha 9 dukani hutaipata. Lakini kuna chuma cha kii cha mili 10 kwa 8. Kilaze ubavu! Sasa upana ni 8, kimo ni 10, unapiga tupa mili moja tu. Nikigundua hili nilicheka peke yangu. Grainda weka mbali, mimi kwenye kii ni tupa tu.

(...)

Nimemaliza, venia inasema 9.0. Napaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na tone la mafuta juu ya kii, yatatuonyesha ikigusa.

Kufunga. Bushi kwenye shafti, mpasuko juu ya mfereji, kii ndani, kapilingi inafuata. Nyundo hapana, kila pigo linakwenda kwenye beringi za mota. Mbele ya shafti kuna tundu lenye nyuzi, kwa shafti ya 24 ni bolti ya M8. Weka washa nene, kaza, inavuta kapilingi yenyewe. Inakuja... inakuja... imefika.

Saa ya kupimia, yenye mshale unaoonyesha kapilingi inayumba kiasi gani, naiegemeza kwenye ukingo wa kapilingi, nazungusha kwa mkono.

Mmh.

Hamisi usikate. Acha waone. Mshale unatembea hadi mili 0.35. Hiyo ni nyingi mno. Na niseme ukweli, zamu mbili za mwisho za ile bolti nilisikia imekuwa ngumu, nikajifanya sijasikia.

Lete pula, ya kuivutia kapilingi itoke. Ya miguu mitatu, hiyo. Haya, tazameni kii. Masizi yapo huku mbele, lakini huku ndani yamefutika, chuma kinang'aa. Imegusa dari! Napima ncha hii: 9.0. Ncha hii: 9.4. Nilipima ncha moja tu. Tupa ilikuwa inapanda na kushuka mkononi kama bembea, nami nimesimama hapa nawahubiria. Pima ncha zote mbili, na katikati.

(...)

Sasa ni 9.0 huku, 9.0 kule, katikati 8.95, safi. Masizi tena, bolti tena. Sikilizeni inavyoingia, laini. Saa inasoma 0.04. Hiyo naichukua. Skrubu ya kukazia iko juu ya kii, kaza kwa spana ya L. Ingekuwa upande mwingine ningetoboa bushi pia, maana skrubu ingeikandamiza bushi tu.

Mkifika shambani kuna jambo moja mafundi wengi wanasahau. Someni kibao cha mota: ya zamani 100L, hii 90L. Namba hiyo ni kimo cha katikati ya shafti kutoka kwenye miguu, kwa mili. Kwa hiyo mota mpya ni fupi kwa mili 10, na matundu ya miguu hayalingani. Nimekata bamba la mili 10, nimetoboa matundu ya zamani na mapya, linamaliza yote mawili. Rula ya chuma juu ya kapilingi zote mbili, ya mota na ya pampu, juu na ubavuni, mwanga usipite. Zima swichi kuu, ufunguo wa boksi mfukoni. Na kabla hujaweka mpira wa kati, washa mota peke yake uone inazunguka upande gani; ikienda kinyume badilisha waya mbili za fezi.

Bushi za 24 kwa 28 ninazo tayari, natuma kwa basi. Za 19 kwa 24 na za 28 kwa 38 nachonga kwa oda, kwa sababu huko mifereji hailingani upana na kii yake ni ya ngazi, upana mmoja chini na mwingine juu. Nitumieni vipimo vya venia. Picha ya rula siipokei, hata kama ni ya shemeji.