Muuza samaki wa kanga na visoda: twende hatua kwa hatua

Habari zenu wapenzi, karibuni tena barazani kwangu, Temeke. Huyo mnayemsikia anakohoa ni mtoto wa dada yangu, ndiye ameshika kamera, ana mafua, mvumilieni.

Leo tunatengeneza muuza samaki. Uso wake ni fotokopi, nguo yake ni kanga, na samaki kwenye beseni ni visoda. Ndiyo, visoda hivi hivi vya kwenye chupa, msinicheke mapema.

Mnaniuliza sana mawazo nayatoa wapi. Mimi sianzi na wazo, naanza na kipande. Hebu sogeza kamera hapa, mwanangu. Hii ni kanga ya marehemu bibi, mzaa mama. Jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa WEMA HAUOZI. Siku moja pasi ya mkaa ikadondosha kaa, WEMA ikaungua yote, pakabaki tundu na HAUOZI. Bibi hakuitupa, akaifanya ya kufunikia beseni. Alikuwa anachukua samaki soko la Feri alfajiri, anatembeza mitaani mpaka jua la saa sita. Sasa mwone mtu amebeba samaki juani, juu ya beseni pameandikwa HAUOZI. Wateja wakimtania, "Mama, mzigo hauozi huo?" anawajibu, "Nusa mwenyewe."

Basi tangu nipewe kanga hii, nimekuwa mkata majina. Chukua USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, kata neno la kwanza. Inabaki NYOTA YA MWENZIO. Iweke chini ya mwanamke anayechungulia dirishani, kila anayeitazama atamkumbuka jirani yake. Sijaandika kitu, nimekata tu.

Haya, kazi. Ubao: plaiwudi ya milimita 12, futi 2 kwa futi 2. Kipimo hicho nimekizoea kwa sababu nilikua naona picha za Tingatinga za ukubwa huo zikiuzwa mjini. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza kuzichora mwaka 1968 hapa hapa Dar, juu ya hadibodi, kwa rangi za mafuta za dukani, na hakuwa na studio wala turubai. Kwa hiyo asikwambie mtu huwezi kuanza mpaka uagize vifaa nje. Ila hadibodi kwa kazi ya leo haifai, ni nyembamba, misumari itatokeza nyuma. Piga msasa, paka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, acha ikauke. Hilo mnalijua, tuendelee.

Kanga. Kanga mpya ina dondo, ule wanga wa kukazia kitambaa, ndiyo maana dukani inasimama yenyewe kama karatasi. Dondo likibaki, gundi haiingii kwenye nyuzi, inakaa juu juu, na baada ya mwezi kitambaa kinabanduka pembeni. Iloweke, ifue, ianike, ipige pasi. Halafu chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua kwenye nyekundu. Kikitoka na rangi, kanga inachuja, rudisha kwenye maji. Nyekundu na nyeusi ndizo mashetani.

Kata sasa. Kanga ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, ina jina. Mimi pindo silitupi kamwe. Hapa nalitumia kama fremu kuzunguka picha, mji nautoa gauni na mtandio, jina linakuja chini kabisa, chini ya miguu yake. Mkasi uwe mkali. Mkasi wa jikoni uliokata vichwa vya dagaa, hapana.

Gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala. Vijiko viwili vya gundi, kimoja cha maji. Paka ubaoni, laza kitambaa kuanzia katikati, sukuma kwenda nje kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Mnaona mapovu yanavyokimbia? Raha yake hiyo. Paka gundi na juu pia... ngoja. Ngoja, mwanangu, usihamishe kamera. Mnaona hapo? Nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Nimetoka kuwaambia sasa hivi, na mimi mwenyewe sikujaribu kipande hiki kwa sababu nilidhani ni kile cha jana. Haya, kitambaa kikavu, gandamiza, usifute! Ukifuta unaitandaza. Gandamiza, inua, geuza upande mwingine, gandamiza tena. Imepungua. Iliyobaki itakuwa kivuli cha beseni. Tunaendelea.

Sasa ndiyo tunafika kwenye uso, na hapa naomba mtulie, wenye chai wekeni kikombe chini. Picha hii ya bibi nimeipiga fotokopi pale stesheneri. Iwe mashine ya tona, ule unga mweusi. Printa ya wino wa maji haikubali, ukiilowesha tu unabaki na tope. Na mwambie kijana aigeuze kama kwenye kioo, la sivyo maandishi yatasomeka kinyumenyume na kishimo cha shavuni kitahamia upande wa pili.

Pale uso utakapokaa, paka rangi ya akriliki, ile ya wachoraji, nyeupe, nzito, kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Rangi ya ukutani nilishaijaribu, ikanibandukia. Ikiwa bado mbichi, laza fotokopi, uso uangalie chini. Kadi tena, sukuma mapovu. Povu likibaki kwenye jicho, bibi atakuwa chongo. Kisha acha. Usiku kucha. Nasema usiku kucha, siyo saa mbili, siyo "nimeiweka juani". Kucha.

Nitawaambia kilichonipata. Nilipewa oda ya picha ya harusi, wanandoa wanaitaka Jumamosi. Ijumaa jioni nikaona imekauka, nikaanza kusugua karatasi. Bwana harusi akatoka na pua yote. Yaani pua ikabaki kwenye kidole changu, naitazama hivi. Nikamtengenezea pua ya kisoda, mwenye oda hakucheka.

Hii niliilaza jana. Chukua kitambaa chenye maji, gandamiza juu ya karatasi mpaka ilowe na uanze kuona sura inatokeza. Halafu kidole. Siyo kucha, siyo sponji ya masufuria, siyo brashi. Ncha ya kidole, duara ndogo ndogo, taratibu. Karatasi inatoka kama tambi ndogo ndogo za unga uliobaki mkononi baada ya kukanda chapati. Ondoa, lowesha, rudia. Tabaka la kwanza likiisha utafurahi, utaona imetoka. Haijatoka. Ikikauka itarudi na ukungu mweupe, maana karatasi bado ipo. Lowesha tena, sugua tena, ila sasa mkono mwepesi zaidi, hapa ndipo pua zinapoondoka. Pumzika kati ya duru na duru. Mimi hufanya duru tatu au nne. Taratibu. Nimesema taratibu?

Mwanangu, leta karibu. Mnaona mikunjo ya jicho? Hiyo siwezi kuichora mimi. Na hapa sikioni imebanduka kidogo, imeacha doa jeupe. Silirekebishi. Mtandio unakuja kufunika, na hata usingefunika ningeliacha.

Visoda sasa, kazi ya kelele. Navipata kwa mama wa grosari jirani, ananiwekea kwenye ndoo. Toa kile kiplastiki cha ndani, laza kisoda juu ya jiwe, nyundo, pa, pa, bapa. Angalia kingo, zinakata. Toboa tundu kwa msumari mkubwa, kisha pigilia ubaoni kwa misumari ya nusu inchi. Anza na safu ya chini, ya juu yake ipande nusu, kama bati la nyumba, kama magamba. Vilivyoshika kutu usivitupe, ndiyo rangi ya changu wa jioni. Changanya na vinavyong'aa.

Najua kuna atakayeniambia namwiga El Anatsui. Yule mzee wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha vizibo vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa shuka kubwa la kufunika ukuta mzima. Nimeona picha zake kwenye simu, nikakaa kimya siku nzima. Lakini yeye anashona, mimi napigilia. Yeye anapata shuka, mimi nahitaji samaki kumi na mbili. Na Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyenifundisha bila kunijua kwamba uso uliounganishwa na vipande haulazimiki kufanana na uso wa kitambulisho. Ninaazima kwa watu, kama unavyoazima chumvi.

Mwisho vanishi. Ya maji, siyo ya mafuta. Ya mafuta hugeuza nyeupe ya kanga kuwa kama meno ya mvuta sigara. Mkono mmoja leo, wa pili kesho. Juu ya visoda usipake, viache vishike kutu vyenyewe.

Naona mwanangu wa kamera ameshachoka, anakohoa makusudi. Vifurushi vya vipande vya kanga vipo, nimeshavifua, dondo limetoka, na nyekundu nimezijaribu, safari hii kwelikweli. Ukiagiza niambie unataka jina gani, au nusu ya jina gani. NYOTA YA MWENZIO zipo nyingi. HAUOZI imebaki moja mpya. Ile yenye tundu inarudi sandukuni, msiniulize bei.