Mbona Sili Migahawani Huku Ujerumani? Haya, Leo Nawajibu

Jamani mambo vipi, karibuni tena. Leo sina matembezi, nimekaa zangu jikoni hapa Munich najibu swali moja tu, maana kwenye komenti haliishi: "Dada kila siku ugali, kwani huko kwa Wazungu hakuna migahawa?" Ipo tele. Ila nikionyesha sahani ntaambiwa najishaua, nisipoonyesha maisha yamenipiga, sasa sijui mnataka lipi.

Naendaga, ila mchana siku za kazi, ndo migahawa mingi ya asili huku jimbo la Bavaria inakuwa na menyu fupi ya bei nafuu. Na bei ya kwenye menyu sio utakayolipa. Maji utaagiza ya chupa, na bei yake inakimbizana na ya bia. Brezn, ile mikate ya kusokotwa yenye chumvi, unaikuta kwenye kikapu mezani unadhani ukarimu, kumbe wanahesabu kila mmoja uliokula. Januari 2024 mpaka mwisho wa 2025 kodi ya chakula cha mgahawani ilirudi asilimia 19, kutoka 7 waliyoiweka kipindi cha korona, we unadhani nani alilipa? Halafu kuna sehemu kadi hawataki kabisa, keshi tu, nchi hiihii inayotengeneza Mercedes.

Na msiniambie nisubiri kualikwa. Kuna mtu wa kazini alinialika, nikapendeza, bili ilivyokuja mhudumu akauliza mnalipa pamoja au kila mtu yake, mwenyeji wangu akawahi: kila mtu yake. Hata kunitazama hakunitazama. Na ndo nilikuwa nimetoka kulipia kibali cha ukaazi, hela watu wa uhamiaji wameshachukua, kadi ya kibali haiji, ukiandika barua pepe kimya, halafu wanataka mkataba wa kazi upya kana kwamba ule wa kwanza waliula. Haya tuyaache.

Ila chakula chenyewe, msinisikie nalalamika mkadhani kibaya. Schweinshaxe ni mguu wa kitimoto, unaokwa taratibu mpaka ngozi inavimba inakauka, ukigonga na kisu inalia, ndani nyama inaachia mfupa yenyewe. Inakuja na mchuzi na Knödel, donge la viazi la mviringo kama tonge la ugali la mtu mwenye njaa. Sahani moja watu wawili, mtu asinibishie. Weißwurst, soseji nyeupe, zinaletwa ndani ya maji ya moto, unamenya ngozi, unachovya kwenye haradali tamu, na wenyewe wanasema zisisikie kengele ya saa sita mchana, kwa hiyo wahini.

Waislamu mnaoniuliza inbox, hizo soseji wanasema za ndama ila nguruwe imo. Schnitzel, ile nyama bapa ya kukaanga yenye chenga za mkate, ikiandikwa Wiener Schnitzel kisheria ni ndama, ikiandikwa Wiener Art mara nyingi ni nguruwe, na halali hiyo ni habari nyingine kabisa. Käsespätzle, tambi za mayai na jibini, kawaida hazina nyama, ila ulizeni.

Haya yote ni mimi na mfuko wangu, wa Berlin atawaambia mengine. Mi hasa nasubiri joto, maana bustani za bia za asili huku unaruhusiwa kuja na chakula chako, unanunua kinywaji tu. Ila kaa meza zisizo na kitambaa, zile zenye kitambaa ni za wanaoagiza, ukifungua hotpoti lako la pilau pale utainuliwa.