Kaulimbiu za kampeni: kutoka Ari Mpya hadi Hapa Kazi Tu

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunarudi kwenye kampeni za urais Tanzania, 2005 hadi 2015. Kaka Idrisa, nikikutajia 2005?

IDRISA: Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya! Inakuja yenyewe, dada. Jakaya Kikwete, mgombea wa chama tawala CCM, alizunguka nayo nchi nzima, na muda ulikuwepo, maana uchaguzi ulisogezwa kutoka Oktoba 30 hadi Desemba 14 baada ya mgombea mwenza wa chama cha upinzani Chadema kufariki.

NEEMA: Akashinda kwa asilimia 80.

IDRISA: Na ushee. Lakini nzito zaidi ilikuwa ile nyingine iliyokwenda nayo sambamba: Maisha Bora kwa Kila Mtanzania.

NEEMA: Hiyo ndiyo iliyomganda.

IDRISA: Sana! Ukishasema kila Mtanzania, umempa kila mmoja haki ya kukudai. Sukari ikipanda bei, konda wa daladala anauliza: haya ndiyo maisha bora? Mama lishe naye anauliza. Wapinzani hawakuwa na haja ya kutunga kitu, walimrudishia maneno yake.

NEEMA: Na mgawo wa umeme wa 2006 uliwahi mno. Likafuata sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura bila kuwa na uwezo, hadi Edward Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008.

IDRISA: Halafu 2010 CCM wanakuja na Ari Zaidi, Nguvu Zaidi, Kasi Zaidi. Hapo walikosea. Huwezi kuahidi zaidi ya kile ambacho watu bado wanakudai. Kikwete alishinda, ndiyo, ila waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa.

NEEMA: Mwaka huo Chadema walikuwa na mgombea wao Dk. Slaa, vidole viwili juu: "Peoples!" Umati unajibu: "Power!" Kiitikio kina nguvu yake, jamani. Kijana kasimama juani tangu mchana, akiitikia anajiona na yeye ana neno kwenye mkutano ule.

IDRISA: 2015 ikawa "Lowassa!" "Mabadiliko!" Kisha wanaigeuza: "Mabadiliko!" "Lowassa!" Yule yule aliyekuwa waziri mkuu wa CCM, sasa kwa mwavuli wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Wapo waliogoma kuimeza, lakini alipata karibu asilimia 40.

NEEMA: Na John Magufuli, mgombea wa CCM?

IDRISA: Hapa Kazi Tu. Haikusema maisha yako yatakuwaje, ilisema yeye atakuwaje. Akapiga pushapu jukwaani. Alipoapishwa, sherehe za uhuru za Desemba 9 zikageuzwa siku ya usafi, naye akashika takataka kwa mikono yake. Kaulimbiu ikatoka kwenye fulana ikaingia maofisini.

NEEMA: Hapo ndipo pananipa wasiwasi. Maisha Bora ilimwachia mwananchi swali la kuuliza. Hapa Kazi Tu ilimpa amri.

IDRISA: Siyo yeye, dada. Mtu aliyezungushwa njoo kesho, njoo kesho, kwa ajili ya hati ya kiwanja, alijua amri ile inamwendea karani.

NEEMA: Kwa karani nakubali. Ila muuza mchicha anayetaka kujua lini kipato chake kitapanda, haikumjibu, wala haikumpa pa kushika ili adai. Mimi nabaki na ile ya 2005, pamoja na deni lake lote.